Faini ya kamera Uingereza: dai picha, lakini siku zinahesabiwa

Ukiwa na gari England, ipo siku utaokota mlangoni bahasha ya halmashauri: kamera imekunasa kwenye njia ya mabasi, au umesimama ndani ya kisanduku cha njano kilichochorwa barabarani. Wengi wetu hung'aka kwanza: nani kawaruhusu kunirekodi? Jibu halipendezi. Sheria imewaruhusu, na ridhaa yako haihitajiki. Tangu 2022 hata halmashauri za nje ya London zinaweza kuomba mamlaka ya kutoza faini kwa makosa kama kukata kona iliyokatazwa.

Haki yako iko kwenye picha zenyewe. Kwa UK GDPR (kanuni za Uingereza za kulinda data binafsi) na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2018, unaweza kudai kumbukumbu zinazokuhusu. Kwa kawaida ni bure, na wana mwezi mmoja kujibu. Kwa faini mara nyingi huna haja ya kufika huko. Ingia kwenye tovuti iliyotajwa kwenye barua, weka namba ya barua na ya gari, utazame. Je, gari ni lako kweli? Kibao cha onyo kinaonekana? Hifadhi nakala.

Wanapoumia watu ni hapa: kuomba data hakusimamishi siku. Una siku 28 za kupinga, na punguzo la nusu huisha mapema zaidi. Ukilipa, umekubali, shauri limekwisha. Ukinyamaza, deni hupanda kwa asilimia 50, na mwisho wake ni madalali wa kukusanya madeni mlangoni.

Kama kosa ni la kuegesha, soma mara mbili. Sheria ya 2015 imezizuia halmashauri za England kutumia kamera kwa maegesho mengi, isipokuwa sehemu kama vituo vya mabasi na mbele ya shule. Kampuni binafsi nazo huita barua zao PCN, kifupi kilekile cha barua za faini za halmashauri, lakini hizo si faini za serikali na rufaa yake ni tofauti.

Halmashauri ikikukatalia, kata rufaa bure: London Tribunals kwa London, Traffic Penalty Tribunal kwingineko England. Huko jenga hoja kwa kibao, tarehe na picha. Malalamiko ya faragha yapeleke ICO, msimamizi wa ulinzi wa data, ila haitakufutia faini.

Na ukihama, waarifu DVLA, wakala wa usajili wa magari, mara moja. Barua humfuata mwenye gari aliyesajiliwa, hata kama siku hiyo aliyeshika usukani ni shemeji.