Kupima fahirisi ya spektra ya jeti ya kwaza, hatua kwa hatua

Kwaza (quasar) ni kiini angavu mno cha galaksi chenye shimo jeusi, na jeti ni mkondo mwembamba wa chembe unaotoka humo. Fahirisi ya spektra ni namba inayoonyesha mng'ao hubadilika kiasi gani masafa yakipanda. Picha ya masafa mamoja ya redio hukuonyesha umbo la jeti. Ukitaka kujua elektroni zinapata nguvu wapi na zinaipoteza wapi, unahitaji picha za masafa mawili au zaidi, tena zinazolinganishika kwa haki.

Hatua ya 1: Chagua mpangilio wa antena. Masafa yakipanda, darubini ileile huona vitu vidogo zaidi na kupoteza vilivyotanda. Kwenye VLA, mkusanyiko wa antena za redio huko New Mexico, Marekani, omba mpangilio A (wenye antena zilizotawanyika zaidi) kwa gigahezi 1.5, B kwa 5 na C kwa 15: zote hutoa ukali wa kama sekunde 1.3 za tao. Mipangilio hii hupishana kwa miezi, na katika muda huo kiini, yaani chanzo angavu kwenye mzizi wa jeti, huweza kubadilika mng'ao. Jeti yenye urefu wa maelfu ya miaka ya nuru haibadiliki.

Hatua ya 2: Sawazisha. Tumia 3C 286, kwaza ambayo mng'ao wake unajulikana vizuri, kwa kila masafa. Usilipue kazi: kosa la asilimia 5 katika kila picha hutikisa fahirisi kati ya gigahezi 1.5 na 5 kwa karibu 0.06.

Hatua ya 3: Tengeneza picha. Katika CASA, programu ya kuchakata data za darubini za redio, bakiza umbali uleule wa antena ukipimwa kwa urefu wa mawimbi, kisha rejesha picha zote kwa boriti moja ya duara (beam), yaani zote ziwe na ukali uleule.

Hatua ya 4: Zipatanishe. Hapa ndipo ramani nyingi huharibika. Kwa VLA, kuweka kiini juu ya kiini kunatosha. Kwa VLBA, mtandao wa antena zilizo mbalimbali sana unaoona vitu vidogo zaidi, hakutoshi, kwa kuwa kiini hufyonza mawimbi yake yenyewe, na kadiri masafa yanavyopanda ndivyo kinavyoonekana karibu zaidi na shimo jeusi. Patanisha kwa fundo angavu lililo mbali kwenye jeti, ambalo halifyonzi. Ukiona ukingo mmoja wa jeti una fahirisi chanya na wa pili hasi kupindukia, picha zimepishana, rudia.

Hatua ya 5: Kokotoa. Tupa kila kilicho chini ya mara 5 ya kelele. Gawanya logi ya uwiano wa mng'ao kwa logi ya uwiano wa masafa. Fundo la milijanski (kipimo cha mng'ao wa redio) 30 kwa gigahezi 1.5 na 13 kwa 5 lina fahirisi ya -0.7, kawaida kabisa kwa jeti. Kiini hukaribia 0. Chini ya -1, mara nyingi elektroni zimezeeka, yaani zimepoteza nguvu.

Kwa kwaza ya mbali, kumbuka mhamo mwekundu, yaani kurefuka kwa mawimbi kunakotokana na kutanuka kwa ulimwengu. Ukiwa 2, gigahezi 5 ulizopokea zilitoka huko zikiwa 15, na mnururisho wa mandharinyuma ya ulimwengu (mabaki ya Mlipuko Mkuu) ulikuwa na msongamano wa nishati mara 81 ya wa sasa. Huo nao huzinyonya elektroni nguvu, kwa hiyo usikimbilie kuiita jeti kama hiyo nzee.