Jinsi ya Kuweka Masharti ya Maegesho Kwenye Mkataba wa Nyumba ya Kupanga Uganda

Nyumba nyingi za kupanga Kampala na vitongoji vyake, kuanzia Ntinda hadi Nansana, zina geti moja, kompaundi moja, na magari mengi kuliko nafasi. Mkataba hueleza kodi, amana na notisi, lakini likija suala la gari huishia kusema "kuna maegesho". Maneno hayo hayamlindi mwenye nyumba wala mpangaji. Kifungu kinachofaa ni kile ambacho hata mgeni akikisoma akiwa amesimama kompaundi, ataweza kuonyesha kwa kidole gari gani lina haki ya kulala wapi.

Hatua ya 1: Pima kwanza

Usiandike neno kabla ya kupima. Gari dogo kama Toyota Premio lina urefu wa karibu mita 4.6 na upana wa mita 1.7 bila vioo vya pembeni. Nafasi ya mita 2.5 kwa 5 inatosha kuliingiza na kufungua milango. Ukibana upana chini ya mita 2.3, milango itagonga gari la jirani na ugomvi utakuwa wa kila asubuhi. Magari yakiegeshwa wima kwa njia, yaani kwa pembe ya digrii 90, acha njia ya karibu mita 6 ya kugeuzia. Pikipiki inatosha kwenye mita 1 kwa 2.2.

Ukishapata idadi, zipe nafasi namba. Kwenye saruji piga rangi chini. Kwenye murram (udongo mwekundu wa changarawe) andika ukutani, kwa sababu chokaa ya ardhini huondoka na mvua ya kwanza. Kama nyumba ni sita na nafasi ni nne, wapangaji wawili waambiwe mapema kwamba hawana nafasi, na mikataba yao iseme hivyo waziwazi. Ukinyamaza, kila mmoja ataamini ameahidiwa.

Mahali ambapo gari moja linakaa nyuma ya lingine panahitaji sharti lake: nani anakaa mbele, na wa nyuma anapopigiwa simu ana dakika ngapi za kusogeza gari. Dakika 10 ni za haki.

Hatua ya 2: Taja chombo chenyewe

Andika namba ya usajili, aina na rangi. "Gari moja" peke yake ni mlango wazi: leo mtu ana gari dogo, kesho analeta teksi ya abiria 14 au lori la mizigo. Weka ukomo wa ukubwa, kisha sema mpangaji akibadilisha gari atamjulisha mwenye nyumba kwa ujumbe ndani ya siku 3.

Kwa waendesha boda, kuwa makini zaidi. Pikipiki nyingi bado ziko kwenye mkopo, na kadi ya umiliki ina jina la mkopeshaji. Kwa hiyo andika "pikipiki inayotumiwa na mpangaji", usiandike "inayomilikiwa".

Hatua ya 3: Tenganisha bei

Hapa ndipo wengi huteleza. Amua kama maegesho yamo ndani ya kodi au yanalipiwa kando, uandike kwa tarakimu na maneno. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 hairuhusu kodi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwenye nyumba anayeacha kodi ilivyo kisha akapandisha ada ya maegesho kutoka shilingi 30,000 hadi 100,000 anakaribisha kesi, kwani mpangaji atasema hiyo ni kodi iliyobadilishwa jina. Njia safi ni kuifunga ada hiyo kwenye ukomo uleule wa asilimia 10.

Mpangaji naye aulize swali moja kabla ya kusaini: nikiuza gari, nalipa nini? Kama ada iko kando, andika kwamba inakoma baada ya notisi ya siku 30. Kama imo ndani ya kodi, kodi haitashuka isipokuwa mkataba umesema.

Hatua ya 4: Usalama na hasara

Vioo vya pembeni na taa ndivyo huibwa sana. Kifungu kinachosema "gari linaegeshwa kwa hatari ya mwenyewe" ni halali kukiweka, lakini kiandamane na wajibu wa mwenye nyumba: geti lenye kufuli, taa inayowaka usiku, na askari kama kodi inamhesabu. Taja saa za geti. Anayerudi saa 7 usiku ajue atafunguliwa na nani.

Hatua ya 5: Matumizi ya kila siku

Oili inayovuja huharibu saruji, basi sema wazi anayevujisha ndiye anayesafisha. Kuosha gari kwa maji ya mita ya pamoja kukatazwe au kulipiwe. Petroli kwenye jerikani isiwekwe kompaundi kabisa. Hili halina mjadala. Gari bovu lisilotembea lipewe siku 30. Wageni waegeshe ndani mchana tu, kama nafasi ipo.

Hatua ya 6: Akivunja sharti

Anza na onyo la maandishi, kisha siku 7 za kurekebisha, halafu kusitishwa kwa haki ya maegesho pekee. Usiandike kwamba utalishika gari kwa sababu ya deni la kodi: huenda gari si lake, na deni lina njia yake mahakamani. Vilevile kosa la maegesho halikupi ruhusa ya kumfungia mtu nyumba; kumtoa mpangaji kunahitaji amri ya mahakama.

Hatua ya 7: Andika na kusaini

Mkataba mpya, weka kifungu ndani. Mkataba unaoendelea, tengeneza nyongeza inayotaja tarehe ya mkataba wa awali, na wote wawili wasaini. Mwenye nyumba hawezi kuongeza sharti peke yake katikati ya muda. Mkataba ambao thamani yake inafika shilingi 500,000 unatakiwa uwe wa maandishi, na kodi ya miezi michache tu huvuka hapo. Mfano:

"Mpangaji wa nyumba namba 3 ana haki ya kuegesha gari moja, namba ya usajili ____, aina ____, rangi ____, kwenye nafasi namba 2 iliyopigwa rangi, yenye mita 2.5 kwa 5. Ada ni shilingi 30,000 (elfu thelathini) kwa mwezi, hulipwa pamoja na kodi na kupewa risiti. Haki hii haiwezi kupewa mtu mwingine bila ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba."

Asiyejua kusoma asomewe kwa lugha anayoifahamu, na aliyeandika hati aweke jina lake kamili na anwani, kama sheria inavyotaka. Shahidi akiwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, ni vizuri. Ambatisha mchoro wa nafasi na picha za kompaundi za siku ya kusaini, kisha mpe askari wa geti orodha ya namba za magari na nafasi zake, kwa sababu yeye ndiye atakayeitumia kila usiku.