Ukija Mafinga kununua mbao

Usishuke stendi ukaanza kuuliza bei. Kunywa chai kwanza. Asubuhi ya Mafinga, hasa Juni na Julai, baridi inang'ata masikio, na wenye yadi hawana maongezi marefu kabla jua halijatoka. Salimia "kamwene", hata kama Kihehe chako kinaishia hapo.

Mbao nyingi hapa ni paini, za Sao Hill, shamba la miti la serikali, na za mashamba ya watu binafsi. Usidanganywe na sura ya rundo. Mwambie kijana avute za katikati. Inyanyue moja. Mbichi ni nzito na ukiigonga haina sauti, kavu inalia. Kisha iweke jichoni kama unalenga bunduki, utaona ilipopinda. Mimi niliwahi kubeba mbao za inchi mbili kwa nne za kenchi, yaani fremu ya paa, kwa haraka, zimelowa. Baada ya miezi miwili paa la shemeji lilikuwa na mawimbi kama Ziwa Nyasa. Mpaka leo ananiita fundi bahari.

Njoo na futi yako. Mbili kwa nne ya mdomoni na ya kwenye futi si ndugu wa damu.

Za kenchi chukua zilizotiwa dawa, lakini omba ncha moja ikatwe uone ule ukijani umeingia hadi wapi. Ukiishia juu juu, hiyo imeoshwa tu.

Kupakia elewana na vijana kabla ubao wa kwanza haujapanda. Risiti na kibali cha kusafirisha viwe mkononi kabla gari halijawashwa; vizuizi vya maliasili viko njiani.