Mkono wa Kushoto Nao Ufanye Kazi

Siku moja niliwasha programu ya kurekodi skrini, nikaiacha iende kwa saa nzima huku nachora ramani ya nyumba ya vyumba vitatu. Nia yangu ilikuwa kumtengenezea video kijana niliyekuwa namfundisha. Usiku nilipokaa kuitazama, aibu ikanishika. Mshale wa maus ulikuwa kama mtoto anayetumwa kila dakika: unapanda juu kwenye vitufe, unashuka kwenye mchoro, unapanda tena kufuata kitu kilekile ulichokiacha sasa hivi. Mistari yenyewe ilichukua dakika chache. Saa iliyobaki yote ilikuwa safari. Na mkono wangu wa kushoto? Muda wote ulishika tama.

Video ile sikumpa. Niliyobadilisha baada ya kuitazama ndiyo ninayoandika hapa. Natumia AutoCAD, programu ya kuchorea ramani kwenye kompyuta, na majina ya amri ni ya humo, ila programu nyingi nyingine zinazofungua faili zake za michoro, yaani za DWG, zina amri za namna hiyohiyo.

Kwanza, mkono wa kulia ukae kwenye maus na wa kushoto ukae kwenye kibodi, kidole gumba juu ya kitufe cha nafasi. Kitufe hicho ndicho Enter yako: kinakubali amri, kinamaliza amri, na ukikibonyeza wakati hakuna amri inayoendelea kinarudia amri ya mwisho. Ukitaka kuchora duara kumi, andika C mara moja tu, kazi nyingine ni ya kidole gumba. Wapo wanaoona kuandika amri ni ushamba, mambo ya kizamani. Mimi naona kinyume. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, pale chuo cha MIT, Marekani, alionyesha Sketchpad, mama wa programu hizi zote: mkono mmoja ulishika kalamu ya mwanga, mwingine ukabonyeza vitufe. Mikono miwili tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tuliokuja kuupumzisha mmoja.

Vifupisho vinavyokuja na programu ni vizuri, lakini havikupangwa kwa ajili ya mkono wa kushoto. E ya kufuta, TR ya kukata, S ya kuvuta, F ya kuunganisha kona, hizo ziko upande wake. M ya kuhamisha na O ya kuchora mstari sambamba ziko ng'ambo. Fungua faili linalotunza vifupisho hivyo, linaitwa acad.pgp, nenda mwisho kabisa, uongeze mistari yako:

CC, *COPY
VV, *MOVE
FF, *OFFSET

Hifadhi, rudi kwenye mchoro, andika REINIT, weka alama kwenye PGP, basi. Mistari ya mwisho ndiyo inayoshinda ya juu, kwa hiyo huna haja ya kufuta chochote. Usiongeze ishirini kwa mpigo. Tatu kwa wiki zinatosha, vidole vizoee. Na nakala ya faili hilo uiweke mahali salama, kwa sababu siku utakapobadilisha kompyuta utajiona umekatwa mkono.

Sasa nikuonyeshe jambo moja kwa ukaribu, maana hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kwenye ile video. Mteja anasema jiko ni dogo, ukuta usogee milimita 450. Mimi nilikuwa nafuta ukuta, nachora mpya, nakata makutano manane, nasogeza mlango, narekebisha vipimo. Dakika kumi, na kona moja inabaki wazi bila mimi kuiona. Siku hizi: S, yaani STRETCH, kisha kitufe cha nafasi. Kisha nabofya upande wa kulia wa ukuta na kuvuta kisanduku kuelekea kushoto. Hilo la kuelekea kushoto si mapambo. Ukivuta kutoka kushoto kwenda kulia, kisanduku ni cha bluu na kinachukua vilivyo ndani kabisa tu. Ukivuta kutoka kulia kwenda kushoto, ni cha kijani na kinachukua chochote kinachoguswa, na STRETCH inakihitaji hicho cha kijani. Nafasi. Nabofya popote, F8 iwe imewashwa ili mwendo unyooke, naelekeza maus upande ninaoutaka bila kujali umbali, naandika 450, nafasi. Vilivyokuwa ndani ya kisanduku vimehama, kuta zilizokatwa na mpaka wake zimerefuka au kufupika, na vipimo vilivyofungwa kwenye kuta vimejibadilisha vyenyewe.

Ukiona mlango umegoma kuhama, usiilaumu programu. Mlango ni bloki, yaani mistari iliyofungwa pamoja ikawa kitu kimoja, na bloki huhama endapo tu nukta yake ya kupachikia imo ndani ya kisanduku. Panua kisanduku kidogo, rudia.

Kuhusu bloki nina ugomvi na michoro mingi ninayoletewa. Utakuta choo kimechorwa kwenye leya (tabaka la mchoro) ya kuta, rangi imebandikwa kwa mkono, na dirisha lilelile limenakiliwa mara kumi na nne kama mistari mitupu. Mwenye nyumba akibadilisha upana wa dirisha, unakaa kitako kurekebisha kumi na nne. Chora kitu mara moja, kwenye leya 0, rangi na aina ya mstari viwe ByLayer, yaani vifuate leya, kisha ukigeuze bloki. Popote utakapokipachika kitavaa sura ya leya uliyomo. Na ukihariri kimoja kwa BEDIT, vyote vinafuata.

Leya nazo zisikutoe jasho. LAYISO inaficha leya zote, au inazifunga na kuzififisha kulingana na ulivyoipanga, isipokuwa leya ya kitu ulichochagua, LAYUNISO inazirudisha. LAYMCUR inakufanya ubofye mstari wowote na leya yake ndiyo inakuwa ya kuchorea, huna haja ya kuitafuta jina kwenye orodha. MA inachukua sifa za kitu kimoja na kuzipaka kwenye kingine. Hizo nne zimeniondolea nusu ya zile safari za kupanda juu.

Kabla ya mstari wa kwanza, uwe na kiolezo. Faili la .dwt ambalo tayari lina vipimo kwa milimita, leya zako zote na rangi zake, staili za maandishi na za vipimo, na karatasi za A3 na A1 zenye fremu na jina lako pembeni. Kukitengeneza kulinila siku nzima, na nilinung'unika kweli, lakini tangu hapo kazi mpya inaanzia kwenye kazi yenyewe. Maandishi ya karatasi yaandikwe kwenye karatasi, yaani kwenye layout, kwa urefu wake halisi wa milimita 2.5. Ukiyaweka kwenye modeli, pale unapochora nyumba kwa ukubwa wake halisi, itabidi upige hesabu kila mara: kwa skeli ya 1:100 herufi ya milimita 2.5 inakuwa 250, kwa 1:50 inakuwa 125, na siku utakayobadilisha skeli utaanza upya. Ukishapanga skeli ya dirisha la layout, lile linaloonyesha modeli kwenye karatasi, lifunge kufuli. Usipolifunga, mara moja tu ukizungusha gurudumu la maus ukiwa ndani yake, skeli imeharibika, na huenda usigundue mpaka karatasi itoke kwenye printa.

Hapa niungame. Kuna wakati chumba kilinigomea: kipimo kilisoma 2970 na mimi nilitaka 3000. Ilikuwa jioni, mteja anasubiri. Badala ya kusogeza ukuta, nilibofya kipimo mara mbili nikaandika 3000 juu yake. Karatasi ikapendeza. Fundi akajenga kwa kujumlisha vipimo vidogo vidogo, kama fundi yeyote makini anavyofanya, na ukuta wa nje ukatokeza milimita 30 kupita kipimo cha jumla. Alinipigia simu akiwa na mabomba ya choo ambayo hayakukutana na tundu lake. Sikuwa na wa kumsukumia. Tangu siku hiyo kipimo sikiandiki juu hata kwa dawa. Nikitaka kuongeza neno, naacha zile alama <> zibaki, kwa sababu ndizo zinazobeba namba halisi. Na mchoro unaotoka kwa mtu mwingine naupitisha kwenye DIMREASSOC, iliyo kwenye zana za ziada za Express Tools, irudishe vipimo vilivyoandikwa juu kwenye thamani zake za kweli. Kwa amri moja ya STRETCH, ule ukuta ungesogea kwa sekunde kumi.

Faili likianza kuwa zito, kila ukisogeza skrini inakwama, kwa kawaida limebeba takataka. OVERKILL inafuta mistari iliyolaliana, PURGE inatupa bloki na leya zisizotumika, AUDIT inatafuta makosa. Kwa PURGE kuna uchafu usioonekana kwenye dirisha la kawaida: andika -PURGE, ukiwa na kistari mbele, kisha R. Nimeona faili likipungua zaidi ya nusu kwa hiyo herufi moja.

Umeme ukikatika, usianze kulia. Programu inajihifadhia nakala kila baada ya dakika 10 kama hujabadilisha SAVETIME, kwa jina linaloishia na .sv$. Badilisha mwisho huo uwe .dwg, ufungue. Faili la .bak nalo ni mchoro wako kama ulivyokuwa kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho, nalo unalibadilisha jina vilevile. Na ukituma kazi kwa mtu, tumia ETRANSMIT ili michoro iliyounganishwa na fonti viende pamoja. Simu ya “mbona ramani yako imefunguka tupu?” sitaki tena kuipokea.

Kijana wangu sasa anachora kuliko mimi kwa kasi, na siri yake ni video ya aibu kama ile yangu. Nilimwambia ajirekodi nusu saa, sio zaidi, kisha aitazame na kalamu mkononi. Kila mshale unapopanda juu ya skrini, aandike umefuata nini. Amri inayojirudia mara nyingi kwenye karatasi hiyo ndiyo ya kwanza kupewa herufi mbili za mkono wa kushoto. Kwangu ilikuwa COPY. Kwake ilikuwa MIRROR, na alikuwa haamini mpaka alipoihesabu mara ya pili.