Kuchora Machweo ya Ziwa Tanganyika kwa Pasteli za Mafuta
Pasteli za mafuta ni vijiti vya rangi iliyochanganywa na nta na mafuta yasiyokauka. Kwa mchoraji wa Kigoma, anayeliona jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, zinafaa kuliko penseli za rangi, kwa kuwa huchanganyika juu ya karatasi yenyewe.

Tumia karatasi nene yenye mkwaruzo, kwani ile laini ya daftari hujaa upesi na kukataa tabaka la pili. Anza na rangi nyepesi: paka njano karibu na jua, kisha rangi ya chungwa, halafu zambarau kuelekea juu, ukibonyeza kidogo tu, na usugue mipaka kwa kidole mpaka rangi ziingiane. Futa kidole kila unapobadili rangi, la sivyo anga lote litafanana na matope. Milima na mitumbwi hupakwa mwisho. Mng'ao wa maji, ambao kwangu ndio utamu wa kazi yote, hupatikana kwa kufunika njano nzito kwa buluu iliyokoza, kisha kuikwangua buluu hiyo kwa kijiti cha meno.

Vijiti visiachwe juani, maana hulainika. Mchoro nao haukauki kabisa. Uweke kwenye fremu ambayo kioo chake hakiugusi.