SOMO: Leo ni mwongo wa ngapi? Kuhesabu Nairuzi na kufuata kazi za msimu

Upepo ukigeuka tu, simu yangu haipoi. "Bi, tumeingia mwongo wa ngapi?" "Bi, mbona Makunduchi wamekoga mwaka na huku Tanga kimya?" "Bi, nipe siku njema ya kuzindika duka, yaani kulikinga kwa dawa." Nimejibu weee, nimechoka. Leo naweka yote mahali pamoja. Atakayeuliza kabla ya kusoma nitamjibu maneno mawili: soma juu.

Jambo moja kabla hatujaanza. Nairuzi ni mwaka wetu wa kale wa mwambao, na mwongo ni kumi moja ya siku zake. Hii ni hesabu ya wavuvi, wakulima na waganga. Mganga asiyeijua anafanya kazi kwa kubahatisha, hata awe na mkoba mkubwa kiasi gani. Tunguri, kile kibuyu cha mganga, haitoi jibu la kueleweka kama hujui umesimama wapi ndani ya mwaka.

Hatua ya 1. Tafuta daftari la kurasa nyingi na kalenda ya ukutani.

Hatua ya 2. Ijue Siku ya Mwaka, yaani siku ya kwanza ya Nairuzi. Siku hizi inaangukia katikati ya Julai. Waulize wazee wa mtaani kwako. Kama wameshatangulia wote, fuata ya Makunduchi kule Unguja, maana wao hawajaacha kukoga. Katika somo hili nachukua mfano wa 16 Julai 2025, siku ya Jumatano.

Hatua ya 3. Kumbuka siku yetu inaanza magharibi, jua likizama. Usiku wa kuamkia ni wa siku inayokuja.

Hatua ya 4. Hesabu kumi kumi, Siku ya Mwaka ikiwa ya kwanza. Kila kumi ni mwongo: wa kumi, wa ishirini, mpaka mia, kisha mia na kumi, unaendelea hivyo. Kwa mfano wetu, siku ya mia ni 23 Oktoba, ya mia mbili ni 31 Januari, ya mia tatu ni 11 Mei. Siku ya 360 ni 10 Julai, na hapo miongo yote 36 imekwisha. Zinabaki siku tano, 11 hadi 15 Julai, ambazo hazimo kwenye mwongo wowote. Hizo ndizo gatha, na ya mwisho yake ndiyo kibunzi.

Hatua ya 5. Mwaka mrefu. Hapa tulieni, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mie simo nje ya hao wengi. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kavu. Hauijui 29 Februari. Kalenda ya ukutani ndiyo inayochomeka siku moja kila miaka minne, kwa hiyo Siku ya Mwaka inarudi nyuma siku moja kila 29 Februari ikishapita. Chukua mfano wetu: 2025 ni 16 Julai, Jumatano. 2026 ni 16 Julai, Alhamisi. 2027 ni 16 Julai, Ijumaa. 2028 ni 15 Julai, Jumamosi. Aliyeiweka "16 Julai" kwenye simu kama siku ya kuzaliwa ya mtoto atakoga siku imeshapita, na miongo yake yote ya mwaka huo itakuwa imepinda.

Dawa yake ni kuangalia siku ya wiki, usiangalie tarehe. 365 ni wiki 52 na siku moja, basi kila mwaka Siku ya Mwaka inapanda siku moja ya wiki, haikai pale pale wala hairuki. Mwaka jana Jumatano, mwaka huu lazima iwe Alhamisi. Ukipata Ijumaa, umekosea. Rudi ulipoanzia.

Onyo la kwanza: ukigundua kosa katikati ya mwaka, usirekebishe kwa kuchomeka siku pale ulipo. Anza upya kutoka Siku ya Mwaka, hata kama umeshafika mia mbili.

Onyo la pili, na hili ni kubwa zaidi: usinakili daftari la babu kama lilivyo. Mvua inafuata jua, Nairuzi haifuati. Kwa miaka 40 inateleza siku kumi, yaani mwongo mzima. Kama babu aliandika mwaka 1945 kwamba mvua za vuli zinaanza mwongo wa themanini, leo mvua hizohizo utazikuta kwenye mwongo wa mia. Babu hakudanganya. Wewe ndiye hukupiga hesabu. Nimeona watu wamepanda mahindi kwa daftari la marehemu, wakakaa wiki tatu wanatazama mawingu na kumlaumu jirani kwamba kafunga mvua.

Hatua ya 6. Sasa kazi za msimu, kwa ufupi.

Siku za gatha hufungui jambo jipya. Lipa madeni, fagia hadi uvunguni, toa mavumba yaliyooza. Alfajiri ya Siku ya Mwaka unakoga baharini, ukirudi unazima moto wa zamani, majivu unatupa, unawasha mpya. Wazee waliupekecha kwa vijiti. Mie nafunga mtungi wa gesi, nafagia jiko, nawasha tena. Atakayecheka na acheke.

Kipupwe, kusi (upepo wa kusini) linapovuma kavu, ndio wakati wa kuchimba na kukausha. Mzizi wa Agosti unakauka bila ukungu. Wa Aprili utakuta una manyoya meupe kabla hujaufunga kwenye kitambaa.

Ukikaribia mwongo wa mia tunaingia tanga mbili. Upepo haujaamua, mara kusi linarudi, mara matlai (upepo wa mashariki). Usizindike chombo wala nyumba kipindi hiki. Ni kipindi cha kutazamia: piga bao la ramli, soma, andika, ngoja. Kaskazi ikishakaa sawa, kuanzia kama mwongo wa mia na hamsini, ndipo unazindika na kufungua safari.

Masika, kuanzia mwongo wa mia mbili na arobaini hivi, kaa ndani. Ni msimu wa buhuri (kufukiza) na kombe (maandishi ya zafarani yanayooshwa na kunywewa). Mchanga wa ramli uwe umeshauanika kiangazi na kuufungia, maana mchanga mbichi haushiki nukta.

Hatua ya 7. Buhuri: makaa yaliyoshika vizuri, ubani, udi, mvuje (utomvu wenye harufu kali) kiasi cha punje ya mtama. Mwenye pumu atoke nje. Hili halina mjadala.

Hatua ya 8. Andika siku iliyobeba mwaka na nyota yake. Jumapili ni Jua, Jumatatu Mwezi, Jumanne Mirihi, Jumatano Utaridi, Alhamisi Mushtari, Ijumaa Zuhura, Jumamosi Zuhali. Mwaka wa Jumatano ni wa Utaridi, nyota ya kalamu na biashara. Wa Jumanne ni wa moto na ugomvi. Usiutangaze kwa watu mwezi wa kwanza. Uandike, halafu uusahihishe kwa yale uliyoyaona.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mtoto wa Chumbageni: Somo zuri bi. Sasa leo ni mwongo wa ngapi?

Bi Ngamiani: Soma juu.

Kijana wa Mkinga: Shikamoo bi. Nimehesabu tangu Siku ya Mwaka, nikagundua miezi ya Kiislamu nayo haikai. Ramadhani inahama sana kuliko hii. Ipi inahama vibaya?

Bi Ngamiani: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, basi kila mwaka unatangulia siku kama 11. Ndiyo maana Ramadhani mara inakukuta masika, mara kiangazi. Nairuzi inatangulia siku moja kwa miaka minne, mtu hahisi mpaka awe mzee. Kwa hiyo zitumie zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Mambo ya dini na nuhusi (siku za mkosi) unafuata mwezi, kama ile Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano watu wanapokunywa kombe. Mambo ya upepo, mvua na dawa za porini unafuata miongo. Ukivuna mizizi kwa mwezi wa Kiislamu, baada ya miaka kumi na tano utakuwa unachimba kwenye matope.

Mama Abuu: Bi nimeibiwa simu na dhahabu. Namshuku mtu wa ndani. Nitazamie jina lake, pesa si tatizo.

Bi Ngamiani: Hapana. Nenda polisi.

Mama Abuu: Mbona wengine wanataja?

Bi Ngamiani: Wengine waende jela, mie nina wajukuu. Hiyo ni ramli chonganishi, ya kuwagombanisha watu. Mmesahau Januari 2015 Serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino? Miezi miwili baadaye polisi walikuwa wamekamata waganga zaidi ya 200. Na Sheria ya Uchawi ipo vitabuni tangu enzi za Mwingereza, kumwita mtu mchawi ni kosa. Anayetaka kutibu kwa haki ajisajili kwenye Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, sheria yake ni ya 2002. Jina la mtu halitoki kwenye mchanga wangu. Tumemaliza.

Abu Yusra: Hii yote ni shirki. Muogopeni Mungu.

Bi Ngamiani: Kuhesabu siku si shirki, shekhe. Manahodha waliowaleta babu zetu wasomi kwenye bandari hii walihesabu miongo hiyohiyo. Hatua ya 8 ukiiona nzito, iache. Saba za mwanzo zitakufaa shambani.

Fundi Seremala: Bi, najifunza ramli kwa mjomba. Juzi nimepiga bao, ile alama ya mwisho, ya mizani, imetoka na nukta saba. Mjomba kafuta mchanga bila kusema neno. Ni mkosi?

Bi Ngamiani: Si mkosi hata kidogo, na mjomba wako ni fundi, mshike vizuri. Mizani haiwezi kutoka saba wala tano. Inatoka nne, sita au nane tu. Sababu yake ni hii: una mama wanne, yaani alama nne za kwanza, na mabinti wanne unawapata kwa kuwasoma mama hao hao kwa upande, kichwa kwa kichwa, shingo kwa shingo. Kila nukta ya mama imeingia pia kwa binti. Ukishaunganisha mpaka kwa mashahidi wawili, na mashahidi kuwa mizani, kila nukta imehesabiwa mara mbili. Jumla lazima iwe shufwa, yaani igawike kwa mbili. Ikitoka witiri, isiyogawika kwa mbili, umekosea kuunganisha mahali, na tisa kwa kumi ni kwenye mabinti. Mjomba aliona, akafuta. Usisome bao ambalo mizani yake ni witiri, hata mteja akulilie. Safari nyingine wachore mama wanne pembeni kwenye karatasi, halafu wasome kutoka kulia, mstari mmoja mmoja. Ukikwama niandikie tena, sichoki na maswali ya namna hii.

Fundi Seremala: Ahsante sana bi. Nimerudia kwa karatasi, kweli binti wa tatu nilimkosea nukta moja.

Mkeka wa Uhakika: Bi, ramli inaweza kutabiri mechi za wikiendi?

Bi Ngamiani: Inaweza kutabiri kwamba utaliwa.

Nahodha Mstaafu, Sahare: Bi, naongeza moja kwa wanaokwenda kukoga. Umesema alfajiri, hukusema maji. Waangalie mwezi. Siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu, bahari yetu inajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Saa nne asubuhi utakuta maji yameshakwenda zake, unakoga na matope ya mikoko. Maji mafu ndiyo yanageuka, asubuhi yanajaa saa nne, saa tano.

Bi Ngamiani: Ahsante nahodha, hilo limenipita. Nitaliingiza kwenye hatua ya 6.

Bint Pongwe: Bi, kombe la masika naliandika kwa kalamu ya wino, zafarani imekuwa ghali.

Bi Ngamiani: Mama, unamnywesha mtu wino! Acha leo leo. Kombe ni zafarani na marashi ya mawaridi kwenye sahani nyeupe isiyo na maua, basi. Huna zafarani, usiandike. Na mgonjwa mwenye homa kwanza akapimwe malaria hospitali, kombe litamsubiri nyumbani.

Mtoto wa Chumbageni: Na zafarani feki unaijuaje? Niliuziwa sokoni moja ikapaka mikono kama rangi ya pilau.

Bi Ngamiani: Sasa umeuliza. Weka nyuzi mbili kwenye maji ya baridi. Ya kweli inatoa njano polepole, dakika kadhaa, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ya uongo inamwaga rangi papo hapo na uzi unabaki mweupe. Kisha utafune: ya kweli harufu tamu, ladha chungu kidogo. Ikiwa tamu mdomoni, umeuziwa rangi.

Bint Pongwe: Nimekuelewa bi, wino nimeutupa. Na mvuje je? Nimeuweka kabatini, nguo zote zinanuka, mume kahamia sebuleni.

Nahodha Mstaafu, Sahare: Hahaha. Kwenye jahazi tulikuwa tunaufungia kwenye chupa ya kioo, kizibo tunakipaka nta.

Bi Ngamiani: Hivyo hivyo. Kioo, siyo plastiki, na chupa ikae nje ya chumba cha kulala. Kanga uzianike juani siku mbili, kisha uzifukize udi. Mume atarudi.