Gari Lako, Kosa la Mpwa: Unawajibika Wapi Kisheria Ukiwa Nje

Wengi wetu tuliotoka Mtwara na Lindi tukahamia nje tuna kitu nyumbani kinachotembea kwa jina letu. Ni gari, laini ya simu, nyumba ya kupangisha, au pesa iliyotumwa kama mtaji wa korosho. Anayekitumia ni mpwa, mdogo wako au rafiki. Akifanya kosa kupitia kitu hicho, wewe umo?

Undugu peke yake haukuingizi kwenye jinai, wala kumiliki mali hakukuingizi. Kinachokuingiza ni kujua na kusaidia. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 22, inamhesabu kuwa mkosaji aliyetenda kosa, pamoja na aliyewezesha, aliyesaidia na aliyeshawishi au kumtuma mwenzake. Wote wanaweza kushtakiwa kana kwamba walitenda kwa mikono yao. Kifungu cha 23 kinaenda mbali zaidi. Watu wakikubaliana kutenda kosa moja, na katika kulitekeleza likatokea jingine ambalo lingeweza kutarajiwa kutokana na mpango wao, kila mmoja analibeba. Waliopanga kuvunja ghala la korosho usiku wakiwa na mapanga wasishangae wote kushtakiwa kwa mauaji ikiwa mlinzi atakufa, hata yule aliyebaki nje akiangalia njia.

Usidhani umbali unakukinga. Sheria hiyohiyo inamfuata raia wa Tanzania hata anapotenda kosa nje ya nchi.

Tuchukue gari, maana hapa ndipo wengi wanaponasa. Umemtumia mpwa gari aina ya Noah afanye biashara ya abiria kati ya Masasi, Mangaka na Mtambaswala, karibu na Daraja la Umoja. Siku moja anakamatwa amebeba wahamiaji wasio na vibali. Kama hukujua, huna kosa la jinai. Lakini kutojua kwako kutapimwa kwa ushahidi: ujumbe wa WhatsApp, miamala ya simu, mgawo wa faida. Tuseme alikuandikia, "Njomba, kuna abiria hawana karatasi ila wanalipa vizuri," nawe ukajibu, "Sawa, angalia tu usikamatwe." Jibu hilo moja linatosha kukugeuza kutoka mwenye gari kuwa msaidizi wa kosa. Jibu linalokulinda ni la kukataa, kwa maandishi, siku ileile, na kufuatilia kama amekusikia.

Gari nalo lina hatari yake. Sheria kadhaa, zikiwemo za dawa za kulevya na za wanyamapori, zinaruhusu mahakama kutaifisha chombo kilichotumika kwenye kosa. Hapo ni wewe utakayepaswa kujitokeza kueleza kwamba hukujua wala hukuridhia. Ndiyo maana nasisitiza mkataba ulioshuhudiwa na wakili: nani kakabidhiwa gari, kwa kazi gani, kuanzia lini. Kama umeshaliuza, hakikisha kadi imehamishwa TRA. Kuuziana kwa mdomo kwa sababu ni ndugu ni kujiweka pabaya.

Kwenye korosho, msimu unapokaribia Oktoba, simu za kuomba mtaji ni nyingi. Uliza mtaji ni wa nini. Salfa ya kupulizia mikorosho, kupalilia na vibarua ni sawa kabisa. Kangomba ni jambo jingine: kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa, nje ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) na stakabadhi ghalani, mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala. Msimu wa 2018/19, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wahakiki walizunguka vijijini kuwatafuta wanunuzi wa kangomba. Mwenye pesa anayejua pesa yake inakokwenda hawezi kusema yeye alimsaidia ndugu tu. Na binafsi naona, hata ukiiweka sheria pembeni, mkulima wa Newala anayeuza hivyo kwa sababu ya njaa ya mwezi wa nane hastahili kunyonywa kwa pesa iliyotoka kwa mtoto wa kwao.

Ndugu akishakamatwa, tulia. Polisi hawaruhusiwi kumshikilia mama yako ili kijana ajitokeze. Kila mtu hukamatwa kwa tuhuma zake mwenyewe. Atakayefika kituoni aulize kosa ni lipi na kama saa 24 zimepita bila mtu kufikishwa mahakamani. Dhamana ya polisi haiuzwi. Makosa kama mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha hayana dhamana, hivyo anayekuomba milioni "za dhamana" kwa kesi ya mauaji anakuibia. Tuma pesa ya wakili.

Usitume nauli ya kuvukia Ruvuma kwenda Msumbiji kwa mtu unayejua anatafutwa kwa kosa alilolitenda. Kumsaidia mkosaji akwepe adhabu ni kosa linalojitegemea. Sheria inawaondoa mke na mume wanaohifadhiana. Mjomba, shangazi na mama hawamo kwenye msamaha huo.

Huko mliko, mambo yanaweza kuwa makali zaidi. Majimbo mengi ya Marekani yanaweza kukuhukumu kwa mauaji yaliyotokea katika ujambazi ulioshiriki, ingawa hukuua. Florida, kijana aliyemwazima mwenzake gari mwaka 2003 alihukumiwa kifungo cha maisha baada ya binti kuuawa katika uporaji. Adhabu ilipunguzwa hadi miaka 25 mwaka 2015. Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2016 katika kesi ya Jogee kwamba kutabiri tu kuwa mwenzako anaweza kuua hakutoshi; lazima uwe ulikusudia kumsaidia au kumhimiza. Wanafunzi waambieni pia wasimpe mtu akaunti ya benki apitishie pesa, hata kwa siku moja.

Mwisho ni laini ya simu. Laini inasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo ujumbe wa kitapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ukitoka kwenye laini uliyomsajilia mtu, msako unaanza na wewe. Ukija likizo, piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kisha nenda kwa mtoa huduma uzifute usizozitambua kabla ya kupanda ndege.